Wasifu wa Waimbaji wa Ukerewe

Anayetambulisha bendi ya muziki wa asili huanza na malezi ya wanamuziki wake. Utaambiwa huyu alirithi zeze kwa babu, na yule alianza kwaya ya kanisa kabla hajajua kusoma. Hukwe Zawose, bingwa wa Ugogo aliyefariki 2003, alitambulishwa hivyo popote alipopiga marimba yake Ulaya, na ilikuwa haki, kwani nyumba yao ilijaa muziki. Lakini liko kundi moja la huku kwetu ziwani ambalo wasifu wake umeandikwa kinyume. Linalosimuliwa juu ya waimbaji wake ni mahali ambapo hawakuimba.

Kundi hilo ni la watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, safari ya saa chache kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio. Kwa Kiingereza linaitwa Tanzania Albinism Collective, na mwaka 2017 lilitoa albamu iitwayo White African Power. Asili yake ni mkusanyiko wa mambo. Mwingereza Harry Freeland alitengeneza filamu juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini, ikatoka 2012. Baadaye akaanzisha shirika la Standing Voice, ambalo lina kituo hapo Ukerewe. Ndipo akaja Ian Brennan, Mmarekani aliyekwisha kurekodi nyimbo za wafungwa wa gereza la Zomba, Malawi, pamoja na mkewe Marilena Umuhoza Delli, mpiga picha. Hawakutafuta mafundi. Walialika yeyote aliyetaka kutunga.

Walioitika walikuwa watu wazima, na wengi wao, kwa masimulizi yaliyoambatana na albamu hiyo, walikuwa hawajawahi kuimba mbele ya watu, hata kanisani. Msomaji asiyeijua Kanda ya Ziwa atauliza, kanisani pia? Naam. Hata kabla ya mauaji yaliyoitikisa kanda hii katika miaka ya 2000, pale viungo vya binadamu vilipogeuzwa bidhaa ya waganga matapeli, mtu mwenye ualbino alikuwa amekwisha kuwekwa pembeni kwa njia zisizomwaga damu. Lugha yenyewe ilisaidia. Tulisema zeruzeru, tukalipa neno hilo wingi wa mazeruzeru, kana kwamba tunahesabu matunda sokoni. Kiziwi, kipofu na kilema tuliwaweka katika umbo la KI-VI, pamoja na viti na visu, na tulipofika kwenye upatanisho wa sarufi tukajifariji kwamba kitenzi chao kinachukua kiambishi cha watu. Nimefundisha somo hilo miaka mingi bila kusita.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea nyimbo hizo kwenye simu. Nyingi ni fupi mno. Unaanza kukaa sawa, wimbo umekwisha. Ziko za Kiswahili, ziko za Kikerewe na Kijita. Jina la albamu silipendi: linapiga kelele, ilhali waimbaji wengi humo wanaimba kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa. Mwalimu wa kwaya angewasahihisha pumzi na sauti. Nami nilijifunza kuongoza kwaya Chuo cha Ualimu Butimba, kwa hiyo mkono wangu ulianza wenyewe kupiga mapigo hewani, kisha nikauteremsha.

Sidhani ni sadfa kwamba hayo yalitokea Ukerewe. Kisiwa hicho kina historia ya maneno yaliyocheleweshwa. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, alitoa Kichomi mwaka 1974 na kututia katika ugomvi wa vina na mizani ambao kwenye ukumbi huu bado tunagombana. Mimi nilikuwa upande wa mapokeo, na bado nipo. Hata hivyo sina kipimo cha kuzipimia nyimbo hizi. Mtu akirudia neno moja mara nane kwa sababu ndilo la kwanza alilowahi kuruhusiwa kulitamka hadharani, huwezi kumwambia ametoshelezwa na mara nne.

Mwaka huohuo wa 2017 baadhi yao walisafiri hadi Uingereza, wakaimba katika tamasha la WOMAD. Wageni waliwasikia kabla yangu mimi, ninayeishi ng'ambo ya maji yaleyale.

Nina sababu ya kuliandika hili. Katika shule moja ya sekondari kandokando ya ziwa nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino. Hakuweza kusoma ubaoni hata alipokaa dawati la mbele, kwa hiyo alijifunza kwa masikio. Shairi nikilisoma mara mbili, tayari alikuwa nalo. Mahafali yalipokaribia nilitunga ngonjera ya beti kumi na mbili, mkuu wa wilaya akiwa mgeni rasmi. Wakati wa kuchagua waghani yeye alisimama pamoja na wenzake. Nikamwambia, "Wewe pumzika kivulini, mwanangu, jua ni kali." Nilijiona mwenye huruma. Mahafali yale yalifanyika chini ya turubai.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilikutana naye kwenye meli ya Nansio. Alikuwa na kofia pana na mtoto mkononi. Alinitambua kwa sauti nilipokuwa nabishana na mpakiaji mizigo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia, nikamuuliza habari za nyumbani, naye akanijibu. Kisha, bila kuombwa, akaighani ile ngonjera yote, upande wa mwanakijiji na upande wa msomi, taratibu, uso ameuelekeza majini. Abiria wawili watatu walinyamaza kumsikiliza. Alipomaliza alicheka kidogo.

"Mwalimu, ubeti wa sita, mstari wa tatu, kipande cha mwisho kina mizani tisa. Nilitaka kukuambia siku ile."

Nilihesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu. Zilikuwa tisa.