Riwaya ya Mapenzi Inaposomwa kwa Sauti: Maoni ya Msomaji Mmoja

Wapo wahadhiri wa fasihi wanaosoma riwaya za mapenzi na wasizitaje. Ukiingia ofisini mwao utawaona rafuni Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Achebe na Ngũgĩ. Kile kitabu chenye jalada la waridi kimo ndani ya mkoba. Mimi ni mmoja wao kwa upande wa kusoma, lakini si mmoja wao kwa upande wa kunyamaza. Nimezisoma riwaya hizi tangu nilipokuwa shule ya upili, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizisikiliza pia, zikisomwa kwa sauti kwenye simu. Katika kurasa hizi ninakusudia kueleza bila kuficha jinsi ninavyoziona. Dai langu ni kwamba sikio ni mhakiki mkali zaidi wa riwaya ya mapenzi kuliko jicho, na kwamba yale yanayofichuliwa na sikio ndiyo ambayo uhakiki wetu umeyapita kwa dharau.

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kutenga riwaya dhati na riwaya pendwa. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, ila una dosari moja kubwa: humhukumu msomaji kabla ya kukihukumu kitabu. Husemwa kwamba msomaji wa riwaya pendwa anaukimbia uhalisi, kwamba hataki kufikiri, na kwamba anaujua mwisho wa hadithi kabla hajaianza. Hilo la tatu ni kweli. Mwisho ninaujua. Lakini hata msikilizaji wa ngano alijua kuwa zimwi litashindwa, na walioketi barazani kusikiliza utenzi wa vita walimjua mshindi kabla beti za dua hazijakwisha. Hakuna aliyewaita wavivu wa fikra. Anayeujua mwisho huwa na nafasi ya kuitazama njia, na katika riwaya ya mapenzi njia ndiyo kila kitu: nani alinyamaza wakati gani, nani aligeuka mlangoni, barua ipi haikujibiwa.

Katika shule yetu, ambayo ilikuwa ya bweni na ya wasichana watupu, vitabu vilivyopendwa vilikuwa vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka wa 1908 na kuunganishwa na Harlequin ya Kanada mwaka wa 1971. Kitabu kimoja kilichanwa vipande vitatu ili wasichana watatu wakisome kwa wakati mmoja, na aliyeangukiwa na kipande cha mwisho kwanza hakulalamika. Wapenzi wa kiume humo walikuwa madaktari wa Uingereza au wenye mashamba ya kondoo huko Australia. Hatukuwa na haja ya kumwona kondoo yeyote wa Australia. Tulichokitaka ni kuona mwanamke akiulizwa anataka nini, kisha akasubiriwa ajibu.

Kaka zetu walikuwa na Maillu. After 4.30, kilichotolewa Nairobi mwaka wa 1974 na Comb Books, kampuni ya David Maillu mwenyewe, kilisomwa chini ya madawati kote nchini, na vitabu vya mwandishi huyo vilipigwa marufuku Tanzania. Sikihesabu kitabu hicho kuwa riwaya ya mapenzi. Ni kitabu kuhusu bei ya mapenzi. Hata hivyo kina jambo ambalo wahakiki wake wa kwanza, waliokuwa wakiuhesabu uchafu wake, hawakulitilia maanani: kimeandikwa kwa mistari mifupi kama ya shairi, na sekretari Emili Katango humo husema moja kwa moja, kama mtu aliyekushika bega kwenye foleni ya basi. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya sikio, kikafungiwa katika karatasi.

Nazo riwaya dhati, je? Zimejaa mapenzi tele. Katika Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, kilichotolewa mwaka wa 1972, Bahati anampenda Idi, na Idi ana kiu ya mali ya mzee Mwinyi. Kati ya kiu zote zilizomo, ile ya Bahati ndiyo safi, na ndiyo inayomponza. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka wa 1971, Rosa anajiua baada ya Charles kumkataa kwa kuwa si bikira. Katika riwaya hizi za mwongo ule, mwanamke anayependa hutozwa. Ninaijua hoja inayotolewa hapa, na huifundisha kila mwaka: kwamba mwandishi anaishutumu jamii wala hamshutumu Rosa, kwamba malezi ya ukali ya Zakaria yanashiriki lawama. Naikubali. Lakini msichana wa miaka 16 anayesoma kitabu hicho bwenini usiku haioni hoja, anaiona maiti. Iwapo kesho yake atakiazima kitabu ambamo mwanamke anapenda na bado yu hai ukurasa wa mwisho, sioni kwa nini tumwite mkimbizi wa uhalisi. Kubaki hai nako ni uhalisi.

Hadi hapa nimezungumzia karatasi. Kitabu cha kusikilizwa nacho si jambo la jana. Nchini Uingereza vitabu vilianza kurekodiwa kwenye santuri kwa ajili ya wasioona mwaka wa 1935, na miongoni mwa walionufaika walikuwamo askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kati ya vilivyotangulia kulikuwa na riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie. Waliobuni mpango ule hawakuona sababu ya kumlisha kipofu fasihi dhati peke yake. Kwetu sauti ya mapenzi ilikwisha kunaswa kabla ya hapo, pale Siti binti Saad wa Unguja aliporekodiwa Bombay mwaka wa 1928. Baadaye zikaja michezo ya redio na kaseti, na sasa simu. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka wa 1982, aliipa hali hii jina linaloweza kutafsiriwa kuwa usimulizi wa pili. Jina linatosha kwa sasa. Tuitazame hali yenyewe.

Kitabu cha kusikilizwa kinachosikika zaidi kwa Kiswahili leo ni simulizi ya mapenzi inayosomwa kwenye intaneti, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, hata kufikia sehemu ya arubaini. Msomaji, na wengi niliowasikia ni vijana wa kiume wenye lafudhi ya Tanzania, huketi na maikrofoni, akaweka muziki wa kinanda nyuma ya sauti yake, akaanza. Hukatisha pale hasa ambapo mlango unafunguliwa. Ustadi wa baadhi yao si haba. Wanajua kupumua, na wanajua kwamba jina la mpenzi halitamkwi kwa kasi moja na majina mengine.

Shangazi yangu anaishi Mji wa Kale, Mombasa. Presha ya macho imemwondolea uwezo wa kuona, naye alikuwa mtu wa vitabu. Siku hizi baada ya sala ya alasiri mjukuu wake humfungulia simulizi, naye husikiliza huku akisuka ukili, kazi ambayo vidole vyake haviombi msaada wa macho. Alasiri moja nilikuwa nimeketi naye. Simulizi ilikuwa ya kijana tajiri na msichana aliyeajiriwa katika kampuni yake. Walipokuwa peke yao ofisini, kijana alimshika msichana kifundo cha mkono, akambana mlangoni. Msichana akasema, “Niache.” Msomaji akanyamaza kidogo, kama inavyostahiki. “Niache.” Akanyamaza tena. Alipofika mara ya tatu, ukili ulikuwa umesimama.

“Zima, mwanangu,” shangazi alisema. “Huyu hampendi. Huyu yuwamwinda.”

Tukio kama hilo limo katika riwaya zisizo na idadi, za Kiingereza na za Kiswahili. Katika karatasi, “niache” tatu ni nusu ya mstari. Jicho linaujua mwisho, linajua kwamba wawili hawa wataoana, kwa hiyo hulipita neno hilo kama mtu apitavyo tuta barabarani anayoizoea. Sikio halina namna ya kuruka. Kila “niache” huja kwa muda wake na kwa sauti ya mtu, na baada yake kuna kimya ambacho mwandishi hakukiandika. Pale nilipoketi, kinanda kilikuwa kikitwambia tufurahi ilhali masikio yalikuwa yakisikia mtu akiomba aachiliwe. Shangazi hakuhitaji nadharia ya uhakiki wa kifeministi kulitambua hilo. Ninayo hiyo nadharia, na sijawahi kuandika sentensi ifupi na kamili kama yake.

Wala yeye si wa pekee. Janice Radway alichapisha mwaka wa 1984 utafiti wake kuhusu wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi. Alipowauliza ni mambo gani hayafai kabisa kuwamo katika riwaya hizo, miongoni mwa waliyoyataja kwa mkazo yalikuwa kubakwa na mwisho wa huzuni. Hao ndio wasomaji wasiofikiri! Wanaoipenda riwaya ya mapenzi ndio wenye masharti makali juu yake, na nionavyo mimi, aibu ya tanzu hii iko kwa waandishi wanaolitia tukio la kuwinda nguo za harusi. Aibu nyingine iko kwetu wahakiki: kwa kuzikataa riwaya hizi zote kwa mkupuo mmoja, tumewakosesha wasomaji wake mtu wa kutofautisha nzuri na mbovu. Anayesema zote ni takataka hana la kumwambia msichana anayeuliza ni ipi aisome.

Sikio hufichua jambo jingine, nalo ni lugha. Mpenzi wa kiume katika simulizi nyingi humwambia mwenzake, “Wewe ni kila kitu kwangu.” Katika karatasi sentensi hiyo hupita. Ikitamkwa kwa sauti ya kiume, kwa Kiswahili, saa mbili usiku, husikika kama filamu iliyowekewa maneno ya lugha nyingine. Si kwamba Waswahili hawapendani. Wanapendana kwa mafumbo, kwa leso iliyochaguliwa kwa sababu ya jina lake, kwa asumini, kwa salamu iliyotumwa kupitia mtu wa tatu. Kuna neno “umepotea.” Liandike, nalo ni lawama ndogo kwa rafiki asiyeonekana. Litamkwe na mwanamke aliyesimama nyuma ya mlango nusu wazi, polepole, na herufi ya mwisho ikivutwa, nalo limebeba miezi mitatu ya kungoja. Hakuna alama ya uakifishi inayoweza kufanya kazi hiyo. Katika simulizi moja niliyoisikiliza, yenye kasoro nyingi za muundo, mume aliyerudi baada ya ugomvi aliuliza tu, “Umekula?” na msomaji akaishusha sauti yake hata ikakaribia kupotea. Niliisikiliza sehemu hiyo mara nne. Hapo ndipo mwandishi na msomaji walipoacha kuiga filamu, wakaandika na kusoma mapenzi ya watu ninaowajua.

Kinachoniudhi, na sitakificha, ni namna wasomaji hao wa kiume wanavyoigiza sauti za wanawake. Mwanamke mzuri hupewa sauti nyembamba ya mtoto mwenye homa. Mwanamke mbaya, hasa mama mkwe, hupewa mkwaruzo. Mwanamume yeyote husoma kwa sauti yake ya kawaida. Kwa hiyo hata pale mwandishi alipompa mhusika wa kike akili na maneno ya kujibu, koo la msomaji humnyang'anya. Usawiri wa wahusika, ambao tumeufundisha kwa miaka kama jambo la mwandishi peke yake, sasa una mshiriki wa pili, na sijaona tahakiki nyingi zinazomhoji mshiriki huyo. Msimulizi wa ngano alihojiwa palepale na hadhira yake: akimkosea mhusika, bibi mmoja angeguna. Kijana wa maikrofoni haguniwi. Shangazi huguna, lakini simu haimsikii.

Baada ya alasiri ile aliniomba nimtafutie kitu kingine, na akakitaja kwa jina: Kiu. Sikupata kurekodiwa kwake. Kwa hiyo namsomea mwenyewe, nikiwa Mombasa namsomea ana kwa ana, nikiwa Nairobi kwa simu, kurasa tano au sita kwa jioni. Nasoma sauti ya Bahati kwa sauti yangu mwenyewe, bila kuibana. Shangazi alikisoma kitabu hiki zamani, macho yake yakiwa mazima, na anajua kwamba Idi hafai na jinsi mambo yatakavyokwenda. Hilo halimzuii. Jana nilipofika pale Bahati anapoanza kumsadiki, alinikatiza: “Ngoja kwanza. Rudia alivyosema Idi, lakini taratibu. Nataka nimsikie akidanganya.”