Kuomba Macho Wazi

Hadi darasa la tatu nilikuwa mtoto anayesikia. Nilijua jinsi matarumbeta ya usharika wetu kule Upare yanavyoanza alfajiri ya Pasaka, na niliweza kuitambua sauti ya mama katikati ya kwaya nzima. Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Nilipotoka hospitalini mwili ulikuwa mzima, masikio hayakuwepo. Hayo nayapitia haraka, maana watu wakikutana na kiziwi hupenda kukaa hapohapo kwenye ugonjwa, kana kwamba maisha yaliishia wodini. Ninachotaka kusimulia ni habari za kanisa.

Kanisani niliendelea kwenda, kwetu hilo halikuwa jambo la hiari. Nilitegemea ubao wa namba za nyimbo. Nilifungua kitabu nikaimba kimoyomoyo kwa sauti nilizokuwa bado nazikumbuka, na mara nyingi nilimaliza ubeti wa mwisho wenzangu wakiwa bado kwenye wa pili. Mahubiri nilikuwa nayasubiri tu yaishe. Tabu kubwa ilikuwa sala. Watu wakifumba macho, nami nafumba. Lakini anayesikia akifumba macho hubaki na sauti ya anayeomba. Mimi nilibaki na giza, na sikujua Amina itafika saa ngapi. Nikifumbua mapema, shangazi ananifinya paja. Nikichelewa, nakuta watu wamekwisha kukaa, nimesimama peke yangu, kichwa chini, na watoto wananicheka. Nikajifunza kuchungulia kwa kope nusu, na kila nilipochungulia nilijiona mwizi.

Mahali pekee niliposhiriki sawasawa na wengine palikuwa nje, baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka. Jogoo akiinuliwa, bei hupanda kwa vidole. Hapo sikuhitaji mtu.

Halafu kulikuwa na maombezi. Kila mhubiri mgeni alipopita wilayani nililetwa mbele, akaniwekea vidole masikioni, akafumba macho na kutikisa kichwa changu kwa nguvu. Jasho lake lilinidondokea usoni. Mmoja wao baadaye alinipigia makofi nyuma ya kisogo, na kwa kuwa niliona kivuli cha mikono yake sakafuni, niligeuka. Watu wakainua mikono kushangilia. Nyumbani mama aliniita kutoka jikoni, sikuitika, na jambo hilo hatukulizungumza tena.

Nilipelekwa shule ya bweni ya viziwi. Shule za namna hiyo nchini zilikuwa chache na nyingi zilizaliwa mikononi mwa makanisa. Ya kwanza ilikuwa ya Wakatoliki kule Tabora, mwaka 1963. Walimu wetu walifundishwa kwamba kiziwi lazima aseme kwa kinywa. Fikra hiyo ilikuwa na umri mrefu: mwaka 1880 walimu kutoka nchi mbalimbali, karibu wote wanaosikia, walikutana Milano, Italia, wakapitisha kwamba usemaji wa kinywa uwe juu ya alama, na uamuzi huo ukatembea dunia nzima. Kwetu ulifika ukiwa na rula. Darasani ukipunga mkono, rula inashuka juu ya vidole. Tulishikishwa koo la mwalimu tuhisi herufi zinavyotetemeka, tukapuliza kipande cha karatasi kujifunza kutamka "pa". Mimi niliyekuwa na Kiswahili changu tayari nilisifiwa sana. Wenzangu waliozaliwa viziwi walipuliza karatasi miaka na miaka, na sala ya Baba Yetu waliyofundishwa ilikuwa miondoko ya midomo isiyo na habari ndani yake.

Lugha tuliipata bwenini. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha. Wakubwa waliwapa wadogo, na wadogo wakaongeza za kwao. Wiki yangu ya kwanza nilipewa jina la alama, kidole kikipita juu ya nyusi nilipo na kovu, na mpaka leo viziwi wengi hawalijui jina langu la ubatizo. Jioni, baada ya matroni kuondoka, dada mmoja wa darasa la saba alisimama chini ya taa akaomba. Aliomba kwa mikono, uso ukiwa umeelekea juu, nasi tumemzunguka tukimkodolea macho, maana ukipepesa unapoteza sentensi. Aliwaombea wazazi wetu walio mbali. Aliomba chakula kiwe na chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu niugue nilijua kinachoombwa wakati kikiombwa, na nikasema Amina pamoja na watu wengine. Usiku mmoja jenereta ilizimika katikati ya sala. Taa iliporudi, aliyekuwa akiongoza alitueleza kwa ufupi: Mungu anaona gizani, sisi hatuoni, tukalale.

Kipaimara nilikipata likizoni, nyumbani. Nilikuwa nimekariri Katekisimu Ndogo ya Luther neno kwa neno. Siku ya kuulizwa maswali mbele ya usharika, mchungaji aliona ni huruma kuniruka. Aliwauliza wote, akafika kwangu, akanitabasamia, akaenda kwa anayefuata. Mama alilia kwa furaha kwamba nimepita. Ningependa kusema nilisamehe mara moja, lakini sikusamehe.

Miaka ya tisini nilikuwa Dar es Salaam, fundi cherehani. Jijini palikuwa na Shule ya Viziwi Buguruni tangu 1974, palikuwa na watu wa CHAVITA, chama chetu, na palikuwa na viziwi waliokuja kutafuta kazi kutoka kila kona. Tulikutana Jumapili, nusu ya muda ukaishia kwenye ubishi, kwa sababu kila shule ilikuwa na alama zake. Wa Tabora aliweka siku za juma hivi, wa Mwanga vile, wa Buguruni akawacheka wote wawili. Alama moja haikuwa na mgogoro: ya Yesu, kidole cha kati kikigusa kiganja kimoja kisha kingine, palipopita misumari. Hiyo nimeiona hata kwa wageni kutoka nje. Polepole maneno mengine nayo yakakaribiana, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa kamusi ya lugha ya alama ya Tanzania, wazee wetu waliipekua kwanza kutafuta kama alama za shule yao zimo au hazimo.

Usharika mmoja ulitupa kona na mkalimani. Tulishukuru, na ilistahili. Ila niseme lililo kweli: kona ni kona. Mkalimani alikuwa kijana mwenye moyo aliyejifunza kwa dada yake kiziwi, akisimama saa mbili bila wa kumpokea. Mhubiri akitania, kanisa lilicheka, utani ukatufikia wenzetu wamekwisha kununa tena. Kwenye nyimbo alitupa neno moja kwa ubeti, "furaha, furaha", mikono imechoka. Na ilipofika "tufumbe macho tuombe", naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, alifumba macho na kukunja mikono. Sala yote ikapotea. Siku moja mzee wetu mmoja, fundi seremala, alimwendea akamgusa bega katikati ya sala, akamfumbua kope kwa vidole viwili. Kanisa halikuona, maana lilikuwa limefumba macho.

Mabadiliko yenyewe yalikuja pale viziwi walipoanza kuhubiri. Tuliomba tupewe saa moja baada ya ibada ya pili, na mwinjilisti wetu wa kwanza aliyekuwa kiziwi akasimama mbele. Tulipanga viti nusu duara, tukaondoa maua ya madhabahuni yaliyokuwa yakiziba, tukamwomba avae shati la rangi moja ili mikono isomeke. Alihubiri Marko 7, habari ya kiziwi aliyeletwa kwa Yesu. Andiko ambalo mimi nililichukia kwa sababu ya vile vidole vya wahubiri. Yeye hakuanzia kwenye muujiza. Alianzia kwenye umati, akatuonyesha jinsi Yesu alivyomtenga mtu yule pembeni, mbali na makelele. Kisha akaigiza: vidole masikioni, mate, ulimi, macho kuelekea mbinguni, kifua kikishusha pumzi. Yote ni mambo ya kuonekana. Kabla ya neno lolote, alisema, Yesu alikwisha kumweleza mtu huyu kwa lugha yake kinachokwenda kutendeka. Nilikuwa nimelisoma andiko hilo tangu utotoni na sikuwahi kuliona hivyo. Mwanafunzi mmoja akauliza kuhusu Warumi 10:17, panaposema imani huanzia kwenye kusikia, sisi je? Mwinjilisti akamfungulia Luka 1, Zakaria alivyoulizwa kwa ishara jina la mtoto, akajibu kwa kuandika. Nadhani hakulijibu swali. Alilizunguka, nasi tumeendelea kulijadili.

Ni yeye pia aliyetuletea habari za Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa uleule ulionipata mimi. Foster alifika Ghana mwaka 1957, akaanzisha shule za viziwi zaidi ya 30 barani Afrika, akiunganisha darasa na ibada, na akafa kwa ajali ya ndege Rwanda mwezi Desemba 1987 akiwa safarini kwenda Kenya. Nilihesabu: mwaka huo mimi nilikuwa bado napigwa rula.

Ibada yetu sasa ina ngoma kubwa iliyolazwa kwenye jukwaa la mbao, mapigo tunayapokea kwa nyayo. Vijana huja na hadithi za Biblia za lugha ya alama kwenye simu, zilizorekodiwa na viziwi wenzetu, na wageni kutoka Kenya hawaachi kutukumbusha kwamba katiba yao ya 2010 imeipa lugha ya alama nafasi bungeni. Wanaosikia nao wanakuja kujifunza, Jumamosi jioni. Wanajifunza upesi vidole, wanachelewa uso: wanaweka alama ya huzuni huku wakitabasamu. Watoto wa kipaimara nawafundisha mimi, na siku ya maswali siruki mtu.

Palipobaki pagumu ni misibani. Msiba hauna ratiba ya mkalimani, na neno la faraja hutolewa usiku, uani, chini ya turubai lenye taa moja iliyoelekezwa kwa wapishi. Mwaka jana tulimzika fundi seremala wetu. Ukoo wake wote ni watu wanaosikia, wakaendesha mambo kwa kipaza sauti, nasi viziwi tukakaa nyuma. Kaka yake mkubwa akaja kutuuliza, kwa kuandika kwenye simu, kama kuna jambo tunalohitaji. Nikamwandikia: taa, na dakika kumi. Akaileta taa yeye mwenyewe, akaishika mkononi mpaka tulipomaliza.