Pazia Ndani ya Bahasha

Ashukaye basi Posta Mpya, katika mtaa wa Azikiwe jijini Dar es Salaam, hukuta masanduku ya barua yamepangwa safu kwa safu, kila moja na namba yake na kitasa chake. Wenyewe hufika, hufungua, huchana bahasha, husoma karatasi iliyomo, kisha bahasha huitupa. Hiyo inayotupwa ndiyo niifuatayo mimi. Huiomba kwa adabu, maana kuomba bahasha tupu humshangaza mtu kuliko kuomba fedha.

Ndugu msomaji, igeuze ndani nje. Utaona nakshi ya buluu au kijivu: mistari ya mshazari, mawimbi, nyavu, vitone, au jina la kampuni limerudiwa mamia ya mara. Si pambo. Barua zetu, kwa kawaida, hazibishi hodi mlangoni. Ya mfanyakazi huja kwa sanduku la kiwanda, shule, msikiti au kanisa, ikapita kwa tarishi, karani na jirani kabla ya kumfikia. Humo mna deni la benki, majibu ya hospitali, pengine habari ya kuachishwa kazi. Bahasha nyeupe tupu ikiinuliwa juani, tarakimu husomeka. Yenye nakshi ina kuta mbili zilizochapwa, ya mbele na ya nyuma, ambazo michoro yake hailingani. Mwanga ukipenya, mistari hupandana na maandishi, jicho likashindwa kuyatenga. Sitara ya mtu mnyonge ni wino huo tu.

Kuzipanga kwa majina ya watumaji hakufai. Bahasha hununuliwa kwa maboksi, hata ofisi mbili zisizojuana huvaa sare moja. Hupangwa kwa mchoro kwanza, rangi baadaye. Kanga ina pindo na mji; bahasha ina mji mtupu, nakshi ikikatwa popote kisu kilipopita. Kwa hiyo kata kipande kipana, mpaka uone mchoro unapoanza kujirudia, na nyuma yake uandike tarehe iliyo kwenye muhuri wa posta.

Wako wengine wenye kazi hii. William Davies King, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, alisimulia katika kitabu chake Collections of Nothing cha mwaka 2008 jinsi alivyokusanya vitu visivyotakiwa na mtu, nakshi hizi zikiwamo.

Sasa taarifa nyingi za benki huja kwa simu. Asubuhi nzima pale Posta yaweza kunipa bahasha mbili, zote za mshazari wa buluu ambao ninao tele. Zile za zamani zimo majumbani, katika masanduku ya bati chini ya vitanda, pamoja na vyeti na risiti za karo. Mchwa nao wanajua zilipo.