Hazina ya Mbwa

Kazi iliyonilisha sehemu kubwa ya umri wangu, katika kaunti moja ya jimbo la Ohio, Marekani, ni kazi ambayo kwetu Mombasa simjui mzazi anayemwombea mwanawe: kulea mbwa wasio na wenyewe, kuwalisha, kuwasafishia mabanda, kuwatafutia watu wa kuwachukua, na wale waliokosa wa kuwachukua kuwasimamia hadi mwisho wao. Niliingia humo kwa dharura ya mgeni aliyehitaji ujira kabla ya baridi kuanza, nikakaa mpaka nikawa msimamizi wa mabanda, na katika muda huo wote sikupata kuiona siku ambayo watumishi walitosha.

Nililelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sikuona haja ya kubishana na mafakihi. Nguo za kazi na viatu vya mpira vililala kazini, nguo za sala zilikaa nyumbani, na baina ya hizo palikuwa na maji ya moto na sabuni. Mama yangu, ambaye nilidhani angelalamikia jambo hilo, hakuuliza habari za najisi hata kidogo. Aliuliza habari za fedha. “Mwanangu,” aliniambia kwa simu, “hao mbwa ni serikali ya huko inayowalipia nyumba?” Nikamjibu, “La, Mama, wanajilipia wenyewe.” Akacheka akidhani ni mzaha, ilhali nilikuwa nimemweleza sheria ya Ohio kwa maneno machache kuliko wanasheria wake.

Sheria hiyo inaiamuru kila kaunti iwe na afisa wa mbwa na mahali pa kuwaweka mbwa waliokamatwa, na inamtaka kila mwenye mbwa aliyepita umri wa miezi mitatu amwandikishe na kulipa ada, kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Januari. Achelewaye hulipa maradufu. Ada hizo huingia katika hazina ya peke yake, hazina ya mbwa, na humo ndimo ulimotoka mshahara wangu, chakula cha mbwa, mafuta ya magari na dawa za kuoshea sakafu. Asili yake ni ya wakulima, wala si ya wapenda wanyama, kwani hazina hiyo hiyo ndiyo iliyowekewa jukumu la kumfidia mfugaji ambaye kondoo wake wameuawa na mbwa.

Kwa anayeisoma karatasini, ni sheria ya insafu. Lakini aliyekaa ndani ya mabanda huona upesi ilipopinda: mwenye kulipa ada ni raia mtiifu, ambaye mbwa wake hulala sebuleni juu ya zulia, ana kibati chenye nambari shingoni, na akipotea hurudishwa kwake kabla ya magharibi, ilhali mbwa waliotujaa sisi walikuwa wa watu wasiolipa kitu, ambao hawakuwaandikisha, hawakuwachanja, hawakuwahasi, na walipohama nyumba waliwaacha wamefungwa uani. Kwa hiyo kadiri uzembe ulivyozidi mjini, ndivyo gharama zetu zilivyopanda na mapato yetu yalivyopungua. Makamishna watatu wa kaunti wangeweza kutuongezea kutoka hazina kuu, na mara nyingine walituongezea. Lakini mbele yetu palikuwa na jela, mahakama na askari wa sherifu, na mbwa hana kura. Paka naye alikuwa na bahati mbaya zaidi, maana hazina ile ni ya mbwa tu. Mtu wa Lamu angestaajabu kusikia kwamba mnyama aingiaye kila nyumba bila ya kubisha hodi hakutengewa senti, na kwamba bibi aliyetuletea watoto wa paka ndani ya sanduku tulilazimika kumwelekeza kwa chama cha hiari, nacho kilikuwa kimejaa.

Wataalamu wa Marekani wamekadiria kwamba kila mnyama aliye katika mabanda anahitaji angalau dakika 15 kwa siku, yaani dakika 9 za kusafishiwa na 6 za kulishwa. Mbwa 80 basi hudai saa 20 za kazi, kabla hujapokea simu, hujaandika kitabu, hujamwonyesha mtu mbwa, wala hujatoka kwenda kumkamata aliyemuuma mtoto njiani. Mbwa asiye na kibati tulipaswa kumweka siku 3, na mwenye kibati siku 14 baada ya mwenyewe kupelekewa taarifa. Kwa hiyo hatukuwa na hiari ya kumkatalia mmoja kwa sababu ya uchache wetu. Upungufu wa watu haudhihiri siku hiyo hiyo. Kirusi cha parvo, kiuacho watoto wa mbwa kwa kuhara damu, huishi sakafuni kwa miezi na hakitishiki kwa sabuni. Dawa yake hudai sakafu ikae majimaji kwa dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa, na hizo ndizo dakika ambazo mfanyakazi mmoja mwenye mabanda 40 mbele yake huziiba kwanza. Maradhi huja wiki inayofuata, na kitabuni huandikwa maradhi. Upungufu wa watumishi hauandikwi.

Watu hudhani vijana walituacha kwa sababu ya mshahara, na ni kweli kwamba maghala ya bidhaa kando ya barabara kuu yalilipa zaidi, tena hakuna sanduku liumalo. Lakini nililoliona mimi ni zito zaidi. Anayeomba kazi hii aghalabu ni yule awapendaye mbwa kupita kiasi, na huyo huyo, akishapata mafunzo na idhini, ndiye anayepewa bomba la sindano mabanda yanapofurika. Nimemwona msichana akimtembeza mbwa asubuhi, akimwita kwa jina alilompa mwenyewe, na alasiri amemshika kichwa huku dawa ikiingia mshipani. Kabla ya 2012 hali ilikuwa mbaya zaidi, maana sheria ya jimbo ilimhesabu kila mbwa wa aina ya pitibuli kuwa mkali kwa umbo lake tu, hata kama hajapata kumbwekea mtu, na ni wachache waliothubutu kumchukua. Msichana yule hakugombana na mtu. Aliacha funguo mezani siku ya Ijumaa.

Mwaka 2020, watu walipojifungia majumbani kwa ajili ya korona, mabanda yakawa matupu na magazeti yakatusifu. Maofisi yalipofunguliwa, mbwa walianza kurudi. Watumishi walioondoka hawakurudi, na madaktari wa wanyama wakawa adimu hata siku ya kuhasi ikasogezwa kwa majuma.

Huruma haikupungua hata wakati huo, na hilo nalishuhudia. Tukitangaza picha ya mbwa aliyevunjwa mguu na gari, fedha za upasuaji zilitimia kabla ya wiki kwisha, na zikabaki. Lakini zilitolewa kwa ajili ya mguu ule, na hatukuwa na ruhusa ya kumwajiri kwazo mtu wa kufagia. Ni kama msikiti ambao waumini hushindana kuuletea mazulia na taa, na hakuna aulizaye mwadhini ale nini. Siku ya makamishna kusikiliza makadirio ya matumizi, ukumbi ambao ungefurika watu kama mbwa mmoja angehukumiwa kufa ulikuwa na mimi, mkubwa wangu, na mzee aliyekuja kwa habari za mtaro wa maji machafu.

Mwaka mmoja niliomba nafasi mbili za kazi nikapewa moja. Aliyeipata ni kijana ambaye awali aliletwa na mahakama kutuoshea mabanda kama adhabu ya kosa dogo, akaimaliza adhabu yake, kisha akarudi kuomba ajira. Sikupata kuwa na mfanyakazi bora kuliko yeye. Nafasi ya pili iliahirishwa hadi mwaka uliofuata, na nilipostaafu ilikuwa ingali imeahirishwa.