Kushuka Ngerengere

Treni ya umeme haikawii hapa. Milango inafunguka, tunashuka wachache, wengi wanabaki vitini wakiendelea na safari ya Morogoro na Dodoma, na kabla sijauweka mkoba sawasawa begani, behewa la mwisho limeshanipita. Kimya. Linabaki jukwaa refu mno kwa abiria tulioshuka, nyaya za umeme juu ya vichwa, na joto ambalo kiyoyozi kilikuwa kimenisahaulisha.

Jengo lenyewe ungelikuta pembezoni mwa Berlin au Madrid usingeligeukia mara mbili. Hata upana wa reli, milimita 1,435, ndio ule wa London na Paris. Ndani ya stesheni za namna hii mgeni hana haja ya kufungua kinywa. Kibao kinamwonyesha njia, kipaza sauti kinamtajia saa.

Nje ya geti vibao vinakwisha.

"Wapi, bosi?" anauliza kijana wa bodaboda. Stesheni ya zamani, namjibu. Ananitazama, anasubiri nimalizie. "Kwa nani?"

Swali hilo nililisikia tena kwa muuza vocha, na kwa mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe, ambaye baada ya shikamoo yangu hakuniachia mpaka nimweleze nimetoka kwa watu gani. Ukielekezwa Ngerengere, unaelekezwa kwa watu: pita kwa fundi cherehani, kata kushoto, ukisikia mashine ya kusaga umefika. Nikiri kwamba nilikuta njia kwa urahisi kuliko ramani ya simu ilivyonionyesha, maana ramani haijui fundi amehamia wapi.

Pikipiki inayumba kwenye mchanga. Kando ya njia yamepangwa magunia ya mkaa, na hapo nilimwomba kijana apunguze mwendo. Gunia limejazwa likapita mdomo wake, mkaa umerundikwa juu kama kichuguu, ukazungushiwa vijiti na nyasi kavu, kisha kamba ikapitishwa huku na huku mpaka pasidondoke hata kipande. Harufu ya moshi imeganda humo. Vijana wa Kimaasai wanapita na ng'ombe, vumbi linanyanyuka, tunasimama kuwapisha. Hakuna anayepiga honi.

Reli ya zamani ni nyembamba, mita moja tu. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ukisimama katikati yake unaona upana wake halisi: hatua moja ya mtu mzima inavuka chuma hadi chuma. Kokoto zimeloa mafuta meusi, majani yamechomoza baina ya mataruma. Mama mwenye ndoo kichwani alivuka bila kutazama chini, mbuzi wakamfuata.

Mto nao una safari yake. Maji ya Ngerengere yanatoka Uluguru, yanatuama kwanza kwenye bwawa la Mindu ambalo watu wa mji wa Morogoro wanalitegemea, ndipo yanapita mjini na kuteremka huku, ya kahawia, bila haraka, kuufuata mto Ruvu mpaka baharini. Abiria wengi niliokuja nao walikuwa wakienda yanakotoka. Milima yenyewe ilikuwa mbali magharibi, rangi ya majivu, mawingu yameikata kiunoni.

Kwa mama lishe nilikula wali, maharage na mchicha uliotiwa nazi, sahani imejaa hadi ukingoni. Nilimuuliza namna ya kufika Moro kesho yake.

"Treni ya haraka haisimami hapa, baba. Ulizia ya kawaida, na ukate tiketi mapema." Alifuta meza, akafikiri kidogo. "Omba dirisha la kushoto. Huku kulia utaangalia vichaka tu."