TRYWERYN: MTO ULIOGEUZWA BOMBA, KIJIJI KIKAZAMA!

Ukitaja Wales, vijana wengi wanawaza mpira tu. Ila kuna mto kule kaskazini unaitwa Tryweryn, ukiutaja mbele ya wazee wa kule, hali ya hewa inachafuka.

Kwenye ramani ni kamto kadogo. Unateremka kutoka milimani hadi mji wa Bala, hapo unaingia mto mkubwa wa Dee, nao unazunguka weee mpaka Chester, Uingereza, jirani na Liverpool. Sasa njia hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Miaka ya 1950 Liverpool ilitaka maji zaidi. Wataalamu wakapiga hesabu: jenga ukuta bondeni, hifadhi mvua za majira ya baridi, kiangazi fungulia. Mto wenyewe utabeba maji hadi Chester, huko yavutwe kwa pampu. Yaani mto mzima unakuwa bomba!

Shida ni kwamba bondeni walikuwa wanaishi watu. Kijiji cha Capel Celyn kilikuwa na shule, posta, kanisa na mashamba, na lugha ya hapo ni Kiwelshi.

Novemba 1956 wanakijiji, wazee kwa watoto, walienda kuandamana Liverpool kwenyewe. Wapi! Mwaka 1957 Bunge likapitisha mradi, na hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyepiga kura ya ndiyo. Mwaka 1963 shule ikafungwa. Watu 48 wakapoteza makazi. Kuna waliofukua ndugu zao wakawazike kwingine; marehemu waliobaki wakafunikwa zege. Mwaka 1965 ziwa likazinduliwa, likaitwa Llyn Celyn.

Halmashauri ya Liverpool ikaomba radhi mwaka 2005. Miaka 40 baadaye! Radhi imekuja, nyumba ziko chini ya maji.

Leo chini ya ukuta wa bwawa vijana wanajaa na maboti ya mpira. Kiangazi mito mingine imepoa, huu unanguruma, kwa sababu bwawa linafunguliwa. Wanacheka, wanajirekodi, wanaposti. Wala hawana kosa. Ila maji yanayowarusha yametoka juu ya sakafu za watu.

Na usiseme Liverpool walikuwa na roho mbaya tu. Jiji lina kiu, watoto wa mjini nao wanakunywa. Tatizo, wenye bonde waliambiwa, hawakuulizwa.

Haya mdau, ingekuwa kaburi la bibi yako liko bondeni, ungehama kiroho safi?