Injini Ilipochemka Ziwani

Ndugu msomaji, kama injini ya mashua yenu imezeeka kama yetu, soma haya kabla hujasafiri. Mwezi uliopita tulikuwa tukivuka kutoka Ukerewe, nimempakia mama mmoja na mtoto mwenye homa kali. Katikati ya ziwa nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Nikageuka: ule mchirizi wa maji utokao injinini umekatika! Nikazima mara moja, tukashika makasia. Mtoto analia, mama ananitazama mimi.

Mchirizi ule ndio wa kutazamwa daima. Ukipungua, kwanza chokoa tundu lake kwa waya mwembamba, maana mchanga huziba hapo. Halafu tazama matundu ya kuvutia maji kule chini karibu na rafadha, magugu hunasa. Kama pote ni safi, basi shuku pampu. Ndani yake mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, nacho huharibika upesi sana injini ikiwashwa nchi kavu, kwa kuwa hulainishwa na maji yenyewe. (Vijana wetu hupenda kuiwasha ufukoni ili wasikie mlio tu!)

Nilipofungua cha kwetu, mabawa mawili hayakuwapo. Nikatia kipya, nikafurahi. Nilipoijaribu, ikachemka tena. Kumbe vile vipande vilikuwa vimepanda na kukwama katika njia ya maji juu. Vitafuteni hata mvipate vyote.

Yule mtoto tulimfikisha hospitali jioni, kwa makasia, naye alipona.